Mizunguko Minne na Kidogo

Nikiwa chini ya gari mimi ni mtu mzuri. Sina kelele, sibishani na mtu, nahesabu tu. Matatizo yangu ya Doha yalianza nilipotoka chini ya gari na kufungua mdomo.

Nilifika huko mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, dereva wa nyumbani, katika nyumba moja ya Muaither yenye ukuta mrefu. Chumba changu kilikuwa kando ya lango, kimebanwa kati ya tangi la maji na banda la magari, na dirisha lake la pekee lilitazama ukuta. Pasipoti yangu ilikaa kwenye droo ya kafili. Kwa asiyejua, kafili ndiye mwenye kibali chako cha kazi, na siku hizo hukuweza kupanda ndege kurudi kwenu mpaka akutilie sahihi ruhusa ya kutoka, tuliyoiita khuruj. Wanasema sheria imebadilika. Vizuri, lakini mimi nilikuwa huko kabla haijabadilika. Mkataba wangu ulisema likizo kila baada ya miaka miwili, nami nilikuwa naumaliza mwaka wa tatu.

Kafili hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu watu hungoja nimtukane, na hasira ninazo za kutosha, ila sitamtukana kwa mambo ambayo hakufanya. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Alinisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli nyuma ya mlango mpaka mvua inyeshe. Sote tuliofanya kazi pale tulimwita Baba, ndiyo desturi ya nyumba za huko. Baba yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaondoka Kenya, na kwa miezi mingi neno lile lilinikwama kooni kila asubuhi. Kisha likazoeleka. Hilo nalo liliniudhi.

Mimi ni kifungua mimba kwetu, na nina dada mmoja anayenifuata. Kwetu wageni wanapoleta mahari, wazee wa pande zote mbili huketi wakazungumza, na maneno yakiisha kinaletwa kibuyu cha kinywaji cha asali. Hakuna anayekigusa mpaka binti aulizwe. Baba yake, akiwa ameketi kwenye kiti chake, ndiye anayemuuliza mbele ya wote: "Tunywe?" Anamuuliza mara tatu. Mara mbili za kwanza ni za wageni, wapate kusikia, na kwa heshima binti hujibu ndiyo. Ya tatu ni ya binti mwenyewe. Hapo akisema hapana, aliyekalia kile kiti anasimama na kuwaambia wageni wabebe vitu vyao warudi kwao, na hakuna wa kumbishia. Baba akiwa hayupo, kiti ni cha mwanawe wa kwanza.

Dada yangu alikuwa ameahirisha wageni mara mbili akiningoja. Septemba ya mwaka huo akanipigia.

"Kaka, wamechoka. Wamesema ni Jumamosi ya pili ya Disemba, na mama ameshakubali."

"Nitakuja."

"Utakuja vile ulikuja mwaka jana?"

Nikamwambia asianze. Akasema kwa sauti ya chini, "Nataka wewe ndiye uniulize. Si mtu mwingine."

Nilidhani ananionyesha heshima. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Kesho yake nikamngoja kafili kwenye banda la magari, nikamweleza kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza ambacho madereva wote wa Doha wanakijua: dada, harusi, Disemba, khuruj. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaliangalia gari lake la familia, akanipa sharti.

Karibu na mwisho wa mwaka, joto likishapungua, watu wa Qatar hupiga kambi jangwani mpaka majira ya kuchipua. Kafili alikuwa amenunua karavani, nyumba nzima ya magurudumu, yenye jiko, vitanda na choo. Majira yaliyopita alijaribu kuivuta kwa gari lile la familia. Kabla ya kufika Sealine, kule wanakopiga kambi, giaboksi ilikuwa inanuka, na shemeji zake walimpita wakipiga honi. Walimcheka mwaka mzima. Sasa alitaka gari kubwa la Kimarekani, lililotumika, linaloweza kuvuta kweli.

"Nitafutie gari hilo," akasema. "Ukilipata, nenda kwa dada yako." Akagusa pua yake kwa kidole cha shahada. "Ala khashmi."

Maana yake, juu ya pua yangu. Mtu wa huko akigusa pua hivyo ameahidi kwa heshima yake yote. Mfanyakazi mwenzangu wa jikoni, mama mmoja kutoka Uganda aliyekuwa amekaa nyumba ile kuliko sisi wote, alikuwa dirishani akisikiliza. Nilipopita akaniambia, "Sebo," ndivyo wanavyomwita mwanamume kwao, "ile pua mimi naiona toka zamani. Wewe fanya haraka."

Basi nikafanya haraka. Kila nilipopata saa moja nilikuwa kwenye yadi za magari, na kila muuzaji aliniapia kwamba gari lake linavuta hata msikiti. Nilikuwa dereva mzuri lakini sikujua la kuangalia. Nilitazama ukubwa wa injini, kama kila mtu. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja Mpathani kutoka Pakistani, wa Sanaiya, mtaa wa gereji, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye alikuwa akinitengenezea breki.

"Injini ni mdomo," akasema. "Nguvu ya kuvuta iko huku nyuma." Akapiga teke lile bakuli la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo sisi madereva tunaliita difu. Akanieleza pole pole, maana Kiarabu chake kilikuwa kibovu kama changu. Kuna mtaimbo mrefu, propela, unaotoka kwenye giaboksi mpaka kwenye difu. Propela huzunguka mara kadhaa ili gurudumu lizunguke mara moja. Ikizunguka mara tatu na kidogo, gari ni jepesi barabarani na halinywi mafuta sana, ila ukilifunga mzigo mzito linalia. Ikizunguka mara nne na kidogo, litavuta. Magari mawili yanaweza kuwa pacha, rangi moja, injini moja, mwaka mmoja, na hesabu ya difu ikawa tofauti. Kwa nje huwezi kujua.

"Nitajuaje?"

Akanionyesha njia mbili. Magari ya aina tuliyokuwa tunatafuta yana stika ndani ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, imejaa vifungu vya herufi na tarakimu, na kimojawapo ni cha difu. GU6 ni tatu nukta nne mbili. GT4 ni tatu nukta saba tatu. GT5 ni nne nukta moja, na hiyo ndiyo niliyoitaka. Nikaviandika kwenye kiganja. Njia ya pili ni ya asiyemwamini mtu. Unaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, unaachia breki ya mkono, gia unaiweka huru, kisha unainua kwa jeki gurudumu moja tu la nyuma. Unachora kwa chaki alama kwenye tairi na alama kwenye propela. Unalizungusha lile gurudumu lililo hewani kwa mkono, huku unahesabu propela.

"Mara mbili," akasisitiza, ameinua vidole viwili mbele ya macho yangu. "Kwa sababu lile lingine liko chini. Gurudumu mara mbili kamili, ndipo propela inasema kweli."

Siku ya kwanza peke yangu nilisahau vile vidole viwili. Nilizungusha mara moja, nikapata mbili, nikatoka chini ya gari nikamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba gari lake ni mbili na hata punda hawezi kulikubali. Alinifukuza kwa fagio. Nilistahili.

Katikati ya Oktoba kafili akapata mwenyewe gari katika shamba moja la Umm Salal, la rafiki wa rafiki yake. Tulienda pamoja. Lilikuwa jeupe, safi, limeegeshwa kwenye kivuli cha mitende, na mwenyewe akatukaribisha kahawa na tende kabla hata hatujaligusa. Nikafungua kisanduku, nikasoma stika: GT5. Moyo ukaruka. Niliona kabisa uwanja wa ndege. Kafili alishaanza kumshika muuzaji mkono.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini nilikuwa na jeki na chaki, na nilitaka kafili aone ujuzi wangu. Nikaomba dakika kumi. Nikaingia chini kwenye vumbi, nikazungusha gurudumu mara mbili, propela ikazunguka mara tatu na karibu nusu. Nikarudia. Tatu na karibu nusu. Stika ilisema lilivyotoka kiwandani, ila chuma kilisema mambo mengine: difu ilikuwa imebadilishwa, pengine baada ya ajali, ikawekwa nyingine ya gari la mizigo mepesi. Nikatoka, nikamwita kafili pembeni nikamwonyesha alama za chaki. Akachuchumaa na kanzu yake nyeupe, akanitaka nizungushe tena aone kwa macho yake. Muuzaji alikana, kisha akakumbuka kwamba kweli gari liliwahi kugongwa.

Njiani kurudi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kafili aliketi kiti cha mbele kando yangu. Alicheka mpaka Muaither. Jioni ile alisimulia kisa chote kwenye majlis, ule ukumbi ambao wanaume huja kumtembelea, na mimi nikaitwa nisimame mlangoni wanione. Nilijisikia mrefu kama mnara.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Ijumaa iliyofuata kaka yake alitaka niangalie gari moja. Ijumaa ya baada yake ikawa zamu ya binamu, kisha jirani, kisha mtu ambaye sikujua anahusiana vipi na mtu yeyote. Nusu ya ukoo ule iligundua inahitaji kuvuta mashua, farasi au karavani, na dereva aliyekuwa na macho ya kuona ndani ya chuma alikuwa mmoja tu. Nililala chini ya magari ya watu Oktoba yote na nusu ya Novemba, na gari la kafili mwenyewe halijapatikana. Dada alikuwa akinitumia ujumbe mfupi kila Jumapili. *Umepata?* Nilikuwa nikijibu: *Karibu.*

Aliyeniokoa, au niliyedhani ameniokoa, ni kijana wa Nairobi niliyesali naye, mlinzi wa mnara mmoja wa West Bay.

"Buda, kuna moja iko huku chini ya jengo," akaniambia kwa simu. "Injinia wa hapa juu anahama, na ameitunza ka mtoto. Kuja uicheki kabla madalali wasikie."

Nikaenda na jeki yangu. Maegesho yalikuwa orofa tatu chini ya ardhi, baridi, taa nyeupe, na gari lilikuwa la kijivu, limefunikwa turubai. Stika: GT5. Nikaweka mawe, nikachora chaki, nikalala chali kwenye saruji safi kuliko sakafu ya chumba changu. Gurudumu mara mbili. Propela mara nne, na kidogo. Nilirudia mara tatu kwa furaha tu. Nilipotoka yule mlinzi aliniuliza mbona ninalia, nikamwambia ni vumbi, na mle ndani hamkuwa na vumbi hata chembe.

Gari likanunuliwa wiki hiyohiyo. Nikalifunga karavani, nikaivuta mpaka Sealine bila injini kuinua sauti. Shemeji za kafili walikuwa kambini wakitungoja wacheke, wakakosa la kuchekea. Ilikuwa bado wiki tatu mpaka Jumamosi yetu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Kule kambini kila mtu huivuta karavani mara moja mwanzoni mwa majira, anaiegesha karibu na barabara, na haiondoki hapo mpaka watu warudi mjini. Kafili naye alikuwa na mpango huohuo. Nilikuwa nimeshamaliza kazi. Nilikuwa nimeinama nafungua ndoano ya kuvutia, wao wamekaa kwenye mazulia wanakunywa chai, kafili akaniita.

"Waambie hawa. Hili linaweza kufika wapi?"

Angeridhika na jibu lolote. Ningesema, Baba, limefika hapa, inatosha. Lakini wale shemeji walikuwa wananitazama, na mimi mtu akinitazama hivyo siwezi kujizuia.

"Baba," nikasema, "hili litafika popote. Hata kule ndani kwenye ile bahari iliyoingia jangwani, na karavani yake nyuma. Mimi nitalifikisha."

Wakapiga makofi. Kafili akasimama, akanipiga begani, akatangaza kwamba majira haya yeye hatakaa mahali pamoja kama kuku. Kila wiki atahamia sehemu mpya. Nilipoenda hema la jikoni kuchukua chakula changu, yule mama wa Uganda, aliyekuja kambini kupika, hakunipa sahani. Aliishika tu.

"Sebo," akasema, "wewe imejifunga mwenyewe. Na kamba ulileta wewe."

Nilimkasirikia. Nilijua amesema kweli kabla sijafika mlangoni.

Siku mbili baadaye niliomba khuruj. Kafili alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeombwa aazimishe miguu yake.

"Sasa? Nani atavuta?"

Nikamtajia dereva wa kaka yake. Akatikisa kichwa, yule angelizika gari kwenye mchanga siku ya kwanza, nami nilijua hivyo kwa sababu ni mimi niliyemwambia. Akasema dada yangu nitamwona Machi, kambi zikifungwa, na atanipa mwezi mzima badala ya wiki mbili. Akagusa pua. Alifurahi kunipa mwezi mzima. Aliona ni ukarimu.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikasema, "Shukran, Baba."

Mchana mmoja wa wiki hiyo nilikuwa peke yangu bandani. Difu ina skrubu ya chini ya kumwagia oili. Nilikuwa nimelala chini ya gari na spana imeshaingia kwenye ile skrubu. Oili ikitoka yote, meno ya difu yangesagana siku moja tu jangwani, na karavani isingehama tena majira yale. Hakuna ambaye angejua. Nililala pale muda mrefu, spana mkononi, jasho linaingia machoni. Niliwaza kwamba gari likifa nitatumwa nitafute lingine. Niliwaza kwamba wakijua, ile pasipoti haitatoka drooni milele. Hayo ni mawazo ya akili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelitafuta gari lile kwa mikono yangu, lilikuwa zima, na sikuweza kuliua. Nikachomoa spana, nikaifuta, nikaenda kuoga. Nilikuwa nimejifungia ndani na ufunguo nikautupa mwenyewe, tena kwa kukionea huruma kipande cha chuma.

Nilimpigia dada. Sikumweleza habari za majisifu. Nilisema kafili amekataa.

"Basi tutaweka simu kwenye kiti," akasema. "Utaniuliza kwa simu. Lakini uniulize, kaka. Zote tatu."

"Zote tatu."

Jumamosi ikafika. Saa ya Doha na ya kwetu ni moja, na hilo lilinifanya nione kama wako nyuma ya tuta lililofuata. Tulikuwa ndani kabisa ya jangwa, nilikolifikisha gari kama nilivyojigamba, na chini kwenye bonde la mchanga simu haikushika. Asubuhi nilimwambia kafili kwamba saa tisa alasiri nina simu ya familia. Akagusa pua. Saa tisa nilipanda juu ya paa la gari, nikasimama wima, na mtandao ukapatikana.

Mama akaniambia ameitandika simu juu ya kitambaa, katikati ya kiti cha baba, na sauti imefunguliwa wote wasikie. Nilisikia kuku, viti vikisogezwa, wazee wakikohoa. Walizungumza kwa muda mrefu. Nilisimama na viatu vyangu juu ya paa lile la moto nikaitikia kila niliposalimiwa, nikajibu kwa maneno niliyomkumbuka baba akiyatumia, na sauti yangu haikutetemeka. Kisha mzee mmoja akasema kibuyu kimeletwa.

"Dada yangu," nikasema. "Tunywe?"

"Ndiyo, mnywe."

"Dada yangu, tunywe?"

Hapo alichelewa. Nilidhani ni mtandao.

"Ndiyo," akasema, sauti ndogo.

Na hapohapo chini yangu nikasikia makofi mawili. Kafili alikuwa ametoka kwenye hema na wageni wake. Upepo ulikuwa umegeuka, mchanga unaingia kwenye chai, na alitaka karavani ihamie upande wa pili wa tuta. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesahau tu.

"Yalla," akasema. "Tuvute."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sijapata hata kisingizio kimoja cha kunifaa. Nilibakiza neno moja. Kulitamka kungechukua muda mfupi kuliko kushuka kutoka kwenye paa. Wala hakunitishia. Lakini miaka mitatu na zaidi nilikuwa nikisikia yale makofi na kwenda, na miguu yangu ilishaanza kushuka kabla kichwa hakijajua. Nilisema kwenye simu, "Ningojeni kidogo," nikamwambia kafili kule chini, "Naam, Baba," na nilipofika mchangani simu ilikuwa imekatika.

Nikaifunga karavani. Nikaweka gia ya chini, nikapanda tuta lile kwa mkupuo mmoja bila kusimama, mchanga unaruka madirishani. Gari lilivuta vizuri mno. Nyuma yangu wageni walipiga makofi.

Nilipopata nafasi ya kupanda tena juu ya paa ilikuwa imepita karibu nusu saa. Mama ndiye aliyepokea.

"Tumeshakunywa," akasema.

"Nani aliuliza?"

"Tulikungoja, wageni wakaanza kutazamana. Nikasimama nyuma ya kiti nikauliza mimi."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Machi kambi zikafungwa na kafili akatimiza ahadi yake. Khuruj ilitoka, na mwezi mzima kama alivyosema. Siku ya tatu baada ya kufika nilienda kumwona dada kwa mumewe, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba anapepeta maharagwe. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, akanitolea kiti, akaweka birika la chai kati yetu. Hakuniambia neno baya juu ya mumewe, wala mimi sikumuuliza. Kila mlango ulipolia ndani ya nyumba alikuwa akigeuka.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwenye ndege. Nikamwambia nimekuja kuuliza ile ya tatu. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Uliza basi."

"Dada yangu, tunywe?"

Akauweka ungo chini. Alipojibu hakuinua sauti.

"Ile ya tatu, ungeniuliza wewe, ningesema hapana. Nilikuwa nimejiandaa toka Septemba, ndiyo sababu nilikuwa nakungoja. Mama akiwa peke yake, na kiti si chake, amesimama mbele ya wazee wote wale, ananiuliza yeye. Ningemwambia nini?"

Akachukua kikombe changu, akanimiminia chai, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Kunywa, kaka," akasema.

Nikainywa ikiwa bado inaunguza.